Ukoo wa Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Baada ya kiharusi, mdomo wa baba ulibaki na neno moja tu: ndiyo. Ukimuuliza kama amelala vizuri, ndiyo. Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ungemuuliza kama wewe ni mwizi wa ng'ombe uliyetoroka gerezani asubuhi hiyo, angekujibu ndiyo, tena kwa heshima zote. Mtu aliyefundisha hesabu shule za msingi maisha yake yote, aliyekuwa na maneno kuliko redio, akabakiwa na hilo moja, na watu wa kwetu wakalipokea kama jibu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na sisemi kwamba imeisha.

Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, anaishi Kabasa, mjini Bunda, na biashara yake ni pamba. Alikuja kwetu Butiama Jumapili moja baada ya ibada, akavuta kiti karibu na kitanda, akasema, "Kaka, pale kwangu kuna chumba. Hospitali iko karibu. Njoo ukae kwangu. Ng'ombe tutawagawia ndugu wawachunge, na mji huu, nyumba na zizi, tuufunge kwanza. Sawa, kaka?"

"Ndiyo," akasema baba.

Baba mdogo akanigeukia. "Umesikia mwenyewe, mwanangu."

Nilisikia. Nilikuwa nimesikia pia asubuhi ile ile, nilipomuuliza baba kama uji umeungua, akasema ndiyo, na uji haukuungua. Lakini kwetu mzee akiulizwa jambo mbele ya watu akasema ndiyo, limekwisha. Humuulizi mara ya pili. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia mbele ya watu kwamba ameropoka, na hakuna mtoto aliyelelewa anayefanya hivyo. Basi heshima yetu yenyewe ndiyo ilikuwa inamhamisha baba.

Nataka ieleweke kwamba baba mdogo si mtu mbaya. Alimlilia kaka yake kuliko sisi wote. Lakini baba alipokuwa mzima alikuwa akisema, na kila mtu alimsikia, kwamba nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, mama amezikwa nyuma yake, na yeye atatoka pale siku ya kubebwa mabegani. Sasa atolewe kwa neno ambalo halikuwa lake? Nikasema hapana. Nikasema baba hahami, haki ya Mungu, labda mimi niwe nimekufa.

Mimi nina duka la nguo za shule pale Mukendo, Musoma mjini. Nashona mwenyewe, na mashati yangu hayachaniki kwapani. Siku baba alipoanguka nilifunga duka, nikafunika cherehani kwa shuka, nikaenda Butiama, na tangu siku hiyo sikurudi. Watoto wengine wa baba wako mbali, mama hayupo, kwa hiyo nilikuwa mimi wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Sikulalamika. Niliona ni zamu yangu, na mimi nikishika kitu sikiachii.

Shangazi, dada yao mkubwa, ndiye mwenye sauti ya mwisho katika familia. Nikaenda kwake nikapiga magoti. "Shangazi, naomba kikao. Baba hajakubali. Ile ndiyo siyo ndiyo."

"Kama ndiyo siyo ndiyo, basi ni nini? Ni kitumbua?"

"Nipe hadi Jumamosi ya wiki ijayo, nitakuonyesha."

"Utanionyesha nini?"

Nilikuwa sijui bado. Lakini nilimwambia ataona, na kwa sauti kubwa.

Jibu lililetwa na chai. Nilimpelekea kikombe, nikamuuliza, "Nikuongezee sukari, baba?"

"Ndiyo."

Nikaongeza. Akakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, kikaenda hadi ukingoni mwa meza. Nikakirudisha. Akakisukuma tena.

"Si umesema ndiyo?"

"Ndiyo," akasema, na kukisukuma mara ya tatu.

Jamani, nilipandisha. Nilimfokea baba yangu mzazi, mgonjwa, kitandani. "Unataka sukari au hutaki? Unanichezea?" Akaniangalia kwa jicho ninalolijua tangu nikiwa darasa la pili, jicho la mwalimu anayemsubiri mtoto mzito aone kitu kilicho mbele ya pua yake. Nikamwaga ile chai, nikaleta nyingine isiyo na sukari. Akakivuta kikombe kwake.

Nikakaa chini. Mdomo ulikuwa unasema ndiyo kwa kila kitu, lakini mkono ulikuwa na ndiyo na hapana yake. Kuvuta ni ndiyo, kusukuma ni hapana. Ingekuwa ni kufurahi tu ningefurahi na kulala. Lakini nilijua watakachosema kikaoni: hata mtoto mchanga husukuma asichokitaka, na kuku pia huacha punje mbaya, hiyo si akili. Na wangekuwa na haki. Nilihitaji kumuuliza mambo yasiyo na utamu wala uchungu, yenye jibu moja la kweli ambalo mtu yeyote anaweza kulihakikisha baadaye bila kuniamini mimi. Nikafikiri kidogo tu, maana kwa baba yangu kitu hicho kilikuwa kimoja. Namba.

Hapa lazima nieleze namba zilikuwa nini kwa baba.

Babu alikuwa mfugaji wa kizamani, na kwake ng'ombe hawakuhesabiwa. Ng'ombe unamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Ukianza kusema wako wangapi unawatafutia balaa. Baba akiwa mtoto wa kuchunga alikuwa na hamu ya hesabu mpaka vidole vinamwasha, na akakatazwa kuhesabu kitu pekee kilichokuwa mbele yake kutwa nzima. Kwa hiyo akazigeukia namba zenyewe. Hakuuliza wako wangapi. Akauliza, kama babu alivyouliza kuhusu ng'ombe na kama watu wa kwetu wanavyouliza wakikutana na mgeni: wewe ni wa ukoo gani?

Nilipokuwa darasa la sita alikuwa akifundisha Kisorya, kule magari yanakosubiri kivuko cha Ukerewe. Jumamosi tulikuwa tunatembeaga kando ya foleni ya magari, yeye na mimi, tukisoma namba za magari.

"Mia tatu tisini na moja," anasema, "ukoo gani?"

Napiga hesabu. "Kumi na saba mara ishirini na tatu."

"Baba yake wa kumi na saba, mama yake wa ishirini na tatu. Safi. Yule wa mia tatu arobaini na tatu?"

"Saba, saba, saba."

"Aibu! Wameoana ndani ya ukoo mmoja vizazi vitatu." Na anacheka mpaka madereva wanachungulia madirishani.

Zilikuwapo namba ambazo hazigawanyiki kwa kitu chochote ila moja na zenyewe. Kitabuni ziliitwa namba tasa. Baba hakulipenda jina hilo, yeye aliziita waasisi, kwa sababu koo zote zinaanzia kwao. Halafu alikuwa anazipima namba kwa jamaa zao. Unachukua vigawo vyote vya namba, isipokuwa yenyewe, unavijumlisha. Vikipungua kuliko namba, hiyo ni pungufu. Vikizidi, ni tele. Vikilingana, ni timilifu, na hizo ni chache mno. Ishirini na nane, kwa mfano: moja, mbili, nne, saba na kumi na nne, jumla yake ni ishirini na nane ile ile. Alinionyesha hiyo kama mtu anayeonyesha ndama mweupe.

Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia hakuna namba ambayo siwezi kuujua ukoo wake kwa kuitazama tu. Hakunigombeza. Alichukua waasisi sita wa kwanza, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, akawazidisha wote kwa pamoja. Akapata elfu thelathini na thelathini.

"Huyu ana koo sita," akasema. "Jirani yake je, elfu thelathini na thelathini na moja?"

Nikajibu kabla hajafunga mdomo. "Huyo ni mwasisi. Ukimgawa kwa yeyote kati ya wale sita inabaki moja. Hana ukoo."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi leo furu huli mpaka uhakikishe." Furu ni samaki wadogo wa ziwa, na mimi nilikuwa nawapenda kuliko nguo mpya. Walikuwa wanakaangwa wakati ule ule.

Nikaanza kugawa. Kumi na saba, inabaki tisa. Kumi na tisa, inabaki kumi na moja. Ishirini na tatu, inabaki. Ishirini na tisa, inabaki. Nikajua njia ni ndefu, maana kumhakikisha mwasisi wa ukubwa ule lazima uwajaribu wote hadi mia moja sabini na tatu. Kwenye arobaini na saba nililia. Kwenye hamsini na tatu nilirusha penseli, nikaenda kuiokota. Kwenye hamsini na tisa ikaingia. Ikaingia yote, haikubaki hata chembe: hamsini na tisa mara mia tano na tisa.

"Kumbe ana ukoo," nikasema.

"Anao. Wewe ulitazama koo unazozijua, ukaona hayumo, ukasema hana kwao." Akaniwekea samaki kwenye sahani. "Lakini una kichwa kigumu, na kichwa kigumu kinafaa kwa kazi hii."

Basi, huyo ndiye mtu waliyekuwa wanasema hayupo.

Nikaweka kikombe kitupu mbele yake kitandani. "Baba. Saba inaingia kwenye elfu moja na moja?"

"Ndiyo," ukasema mdomo. Mkono ukavuta.

"Saba inaingia kwenye elfu moja na mbili?"

"Ndiyo," ukasema mdomo. Mkono ukasukuma, tena kwa dharau, kama vile nimemtukana.

"Elfu thelathini na thelathini na moja. Hamsini na saba inaingia?"

Akasukuma.

"Hamsini na tisa?"

Baba akavuta kikombe, na nusu ya uso wake ikacheka. Ile nusu nyingine ilibaki imelala, lakini hiyo moja ilitosha. Nilimkumbatia nikalia kifuani kwake, na yeye akawa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mara hii sikutaka kujua ilikuwa na maana gani.

Halafu nikajifuta machozi nikawa mkali na mimi mwenyewe. Zile namba nilikuwa nayajua majibu yake. Huenda uso wangu ndio uliokuwa unamwonyesha. Kwa hiyo siku zilizofuata nilimuuliza namba ambazo hata mimi sikujua, nikiwa nimemgeuzia mgongo mpaka nisikie kikombe kimesogea, na kuhakikisha kwenye simu baadaye. Mara nyingine alikosea, hasa akichoka jioni, na akikosea alijua, anakirudia kikombe kusahihisha. Nikamzoesha na maswali ya kawaida pia: dirisha lifungwe, mto uinuliwe, redio izimwe. Kuvuta, kusukuma. Nyumba ikaanza kuwa na mazungumzo tena.

Wateja nao walikuwa wananipigia simu. "Dada, unafungua lini? Shule zinafunguliwa, watoto hawana sare." Nawaambia wanunue kwingine. Mmoja akaniambia waziwazi kwamba jirani yangu wa pale Mukendo ameshaanza kushona sare na anawachukua wateja wangu mmoja mmoja. Nikamjibu awachukue tu. Chumba cha baba kilipakana na jiko nilikopokelea simu, na mimi sina sauti ndogo.

Mambo ya kutaka kumuuliza kuhusu Bunda niliyaacha makusudi. Nilitaka aulizwe mbele yao wote, na jibu walisikie kwa pamoja, asije mtu akasema nimemfundisha. Isitoshe, jibu nilikuwa nalijua.

Jumamosi ikafika. Baba mdogo alikuja na pikapu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro na kamba. Nilipoiona ile kamba nilitamani kuikata vipande. Tukamketisha baba sebuleni kwenye kiti chenye mikono, tukamwegemeza kwa mito, na mbele yake nikaweka kigoda chenye kikombe cha chai. Shangazi akaketi katikati. Ndugu wengine wachache wakajipanga kwenye makochi, na majirani wawili watatu wakawa wamesimama mlangoni, maana kwetu kikao hakina siri.

Nikaeleza habari ya kikombe. Baba mdogo akanisikiliza kwa upole, halafu akatikisa kichwa. "Mwanangu, najua unampenda. Lakini mkono wa mgonjwa unaruka tu. Na wewe ndiye unayekaa naye, umeshamzoesha. Hata ng'ombe ukimzoesha anafuata."

"Basi muulize wewe."

"Nimuulize nini?"

"Namba. Bonyeza simu yako, namba yoyote, mimi nisiione. Nami nitatoka nje nisimame na majirani."

Shangazi akacheka. "Huyu ni mtoto wa baba yake kweli. Haya, bonyeza, mura, unaogopa nini?" Alimwita hivyo, mura, kama kijana wa kuchunga, na baba mdogo ana mvi kichwa kizima.

Nikatoka mlangoni. Baba mdogo akabonyeza kwa kidole gumba bila kuangalia, kisha akasoma: "Laki nne na sabini na mbili elfu, mia saba na kumi na tisa."

"Polepole," nikasema toka nje. "Irudie mara mbili."

Akarudia. Baba akafumba macho.

"Tatu inaingia?" Baba mdogo akauliza.

"Ndiyo," ukasema mdomo. Kikombe kikavutwa. Baba mdogo akagawa kwenye simu, akasema imeingia.

"Tisa?"

"Ndiyo." Kikombe kikasukumwa. Baba mdogo akagawa, akasema imebaki. Nikasikia ndugu wakijisogeza kwenye makochi.

"Hizo rahisi," akasema baba mdogo. "Hata mimi nilifundishwa, unajumlisha tarakimu. Nne, saba, mbili, saba, moja, tisa, unapata thelathini. Saba je?"

Akasukuma. Ilikuwa imebaki.

"Kumi na moja?"

Akasukuma. Ilikuwa imebaki.

"Kumi na tatu?"

Akavuta. Baba mdogo akagawa, akagawa tena. "Elfu thelathini na sita, mia tatu sitini na tatu," akasoma. "Bila nukta."

Nikashindwa kujizuia, nikaingiza kichwa ndani. Nikawaeleza alivyofanya, maana alinifundisha kule Kisorya: saba, kumi na moja na kumi na tatu wakizidishwa wanazaa elfu moja na moja, kwa hiyo unaikata namba kwenye maelfu, unatoa upande mmoja kwenye mwingine. Mia saba kumi na tisa, toa mia nne sabini na mbili, unabaki na mia mbili arobaini na saba. Hicho kidogo kinakwambia habari zote za kile kikubwa kwa waasisi hao watatu. Kinakubali kumi na tatu, kinakataa wengine wawili.

"Kwa hiyo ni ujanja," akasema baba mdogo, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya kaka yake. "Kumi na saba kuna ujanja?"

"Hakuna ninaoujua," nikasema. Na ulikuwa ukweli, nikaogopa. Hapo ni kugawa tu, kichwani, na kichwa chenyewe kilikuwa kimepasuka mshipa. Nilitaka kusema asiulizwe hiyo. Nikang'ata ulimi.

"Kaka," akasema baba mdogo. "Kumi na saba inaingia?"

"Ndiyo," ukasema mdomo. Mkono haukusogea. Baba alikuwa amefumba macho, na kidole chake kimoja kikawa kinaandika kitu juu ya paja. Shangazi alikuwa ameshika shanga za shingoni. Tukasubiri mpaka mtu mmoja akakohoa na kuona haya kwa kukohoa. Halafu mkono ukainuka, ukashika kikombe, ukakivuta.

Baba mdogo akagawa. "Elfu ishirini na saba, mia nane na saba," akasema. "Imeingia yote." Akaiweka simu chini, akamshika kaka yake usoni kwa mikono miwili. "Kumbe upo. Kaka, kumbe upo humo ndani, na mimi nakuja na kamba!" Akalia kama mtoto, mtu mzima yule, na shangazi akalia, na mimi mlangoni nililia kwa furaha ya mtu aliyeshinda.

Nikaingia katikati ya sebule. Sikusubiri shangazi aniruhusu. Nilikuwa nimewabana wote, na nilijua. Nikauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Baba, unataka kuhamia Bunda?"

"Ndiyo," akasema, na mimi nikawatazama wao kwanza, nione nyuso zao kikombe kitakaposukumwa. Nyuso zao hazikuwa nilivyotegemea. Nikageuka. Kikombe kilikuwa kimevutwa hadi kwake.

"Hajasikia vizuri," nikasema. "Baba. Unataka kubaki hapa, nyumbani kwako?"

Akakisukuma.

Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Lakini kaka, hapa ndipo kwako. Shemeji amelala hapa. Ni kwa sababu ya hospitali?"

Akasukuma.

"Umeichoka nyumba?"

Akasukuma, kwa nguvu, na machozi yakatoka katika jicho moja.

Shangazi alikuwa ananitazama mimi. Aliitazama mikono yangu iliyopasuka kwa kufua mashuka, akatazama kanga yangu. Halafu akauliza polepole, akininyooshea kidole, "Ni kwa ajili ya huyu?"

Baba akavuta kikombe. Akakivuta mpaka kikagonga kifua chake na chai ikammwagikia shatini.

"Arudi Musoma kwenye duka lake?"

Kikombe kilikuwa tayari kifuani. Akakikandamiza hapo hapo.

"Mimi sijalalamika!" nikasema. "Nani amesema nimechoka? Nakaa hapa kwa hiari yangu, baba, sina shida na duka, duka ni mbao na mabati tu. Hamsikii? Hajui anachosema. Mmemchosha na namba zenu, mkono wenyewe unatetemeka. Tumuulize kesho."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikashika ukingo wa kigoda. "Baba, tukuulize kesho?"

"Ndiyo," ukasema mdomo wake.

Akakitoa kikombe kifuani, akakiweka juu ya kigoda mbele yangu, na kwa ule mkono mmoja mzima akakisukuma polepole, mpaka kikafika mikononi mwangu.

Nilimtazama shangazi anisaidie. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, si wewe uliyetufundisha?"

Nikainuka. Nikaenda chumbani kukunja mashuka yake na kufunga nguo zake, nikilia kwa hasira, na kila shati nililikunja vizuri.